Ngazi Isiyokwenda Popote

Msusi alijaliwa vitu viwili: mikono na mdomo. Mikono ilimlisha, mdomo ulimjulisha. Saluni yake ilikuwa chini ya jengo la ghorofa, na walioingia pale hawakufuata nywele peke yake. Habari iliyoingia asubuhi na vumbi lake, kufika mchana ilikuwa imeoshwa, imechanwa, imesukwa, na imetoka kwenda mitaani ikimeremeta. Akitaka kusema alisema, na asipotaka kusema alisema vilevile.

Lakini alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kamwe. Wasichana wengi huletwa saluni na mtu: mama, wifi, dada mkubwa, shangazi. Aliyeleta ndiye anayetoa amri. "Mkate mpaka hapa." "Msuke zile nyembamba." Msusi humsikiliza, huitikia, humfunga msichana kitambaa shingoni, kisha humwinamia sikioni na kumuuliza, "Na wewe mwenyewe unataka?" Ungeshangaa ni mara ngapi mwenye kichwa alikitikisa kukataa. Hapo mkasi ulirudi mfukoni, na shangazi akaombwa atoke nje kidogo apunge upepo.

Basi mwanamke wa namna hiyo aliwahi kukaa kwenye vikao viwili vya kamati bila kutoa neno, mikono mapajani, mtulivu kama maji ya mtungini. Waliomjua wangeapa kwamba amelogwa.

Kisa chenyewe kilianza na mume wake. Alikuwa mpima ardhi, na mtaa mzima ulimwita Mpima mpaka jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Ujana wake ulikwisha milimani, vyombo vya kupimia begani, akipanda mahali ambapo hata mbuzi hufikiria mara mbili. Kisha asubuhi moja kikombe kilimponyoka, akainama kukiokota, akabaki hukohuko sakafuni. Kiharusi. Alirudi kutoka hospitali na mguu wa kulia unaoburutika, mkono mzito, na maneno yanayodondoka moja moja kama maji ya bomba bovu.

Nyumbani kwao ni juu kabisa ya jengo lile lile, na jengo halina lifti. Majirani walijitolea kumbeba kwenye kiti. Mpima aliwatazama mmoja mmoja, akasema kwa taabu, "Mimi... si... kabati." Mjadala ukaishia hapo. Tangu siku hiyo alilala nyuma ya saluni, nyuma ya pazia, kati ya mashine ya kukaushia nywele na rafu ya taulo, na mkewe akatandika godoro sakafuni kando yake. Kitanda chao, viti vyao, picha za watoto walipokuwa wadogo, vyote vilibaki juu kuliwa na vumbi. Msusi alipanda kila Ijumaa kufagia, akashuka macho mekundu, akisingizia vumbi. Hakuna kilichomkata maini kama kumkuta mumewe amesimama chini ya ngazi za jengo, mkono kwenye ukuta, akizitazama zile ngazi kwa jicho la mpimaji, kisha anageuka na kurudi nyuma ya pazia.

Aliyewafungulia mlango ni Nesi. Alikuwa bibi mstaafu mwenye mvi fupi, mteja wa miaka, na siku moja akiwa kichwa chini kwenye beseni alisema, "Mwanangu, mumeo mlete kwetu. Mtu hafundishwi kutembea kwa kulala."

"Kwetu" ni Chama cha Kunyanyuana, na Chama chenyewe ni ukumbi mmoja tu, uliokuwa karakana ya viatu zamani, wenye dirisha kubwa linalomwaga mwanga mpaka kona ya mwisho. Waliopatwa na kiharusi walikuja mara mbili kwa wiki kujifunza upya miili yao. Kulikuwa na mabomba mawili yaliyolazwa sambamba ya kushikilia wakati wa kutembea, kioo kirefu kilichotoka saluni kwa Msusi, vibanio vya nguo vya kubana na kubandua ili vidole vikumbuke kazi, na kwenye ukuta wa ndani, ngazi ya mbao. Ngazi hii ilipanda vipandio vinne, ikafika kwenye kijukwaa cha kusimama mtu mmoja, ikashuka vinne upande wa pili. Haikwenda popote. Wageni waliocheka walicheka mara moja tu, mpaka wamwone mtu mzima anaipanda huku jasho linamtiririka, na akifika juu analia.

Mpima aliitazama majuma kadhaa kama anayetazama mlima asioupenda. Siku alipopanda kipandio cha kwanza hakumwambia mtu. Jioni tu, mkewe akikunja taulo, aliuliza, "Viatu vyangu... vya mlimani... viko wapi?" Msusi alijibu viko juu, akageukia ukutani akajifanya anatafuta kitana.

Haikupita muda mrefu Nesi akaja na jambo jingine. Mjumbe mmoja wa kamati alikuwa amehama mji. "Tunataka mtu wa kujitolea. Malipo hakuna, lawama zipo za kutosha."

"Mimi? Na mdomo huu?"

"Ndiyo maana."

Mpima aliposikia alimshika mkewe kiganja kwa ule mkono mzima. "Kamati... si saluni," alisema. "Na usinitaje. Sitaki... kuombewa." Msusi akaapa, mkono juu ya mkasi.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Mwenyekiti alikuwa hakimu mstaafu, mrefu, aliyenyooka, anayesema taratibu kana kwamba kila neno lake linaandikwa mahali. Katibu alikuwa mfamasia, mtu mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Fundi Seremala ndiye aliyeijenga ile ngazi. Nesi tumeshamjua. Na wa tano ni Msusi. Wote watu wema, na ugonjwa ulikuwa hapo hapo, maana watu wema wakikaa meza moja, kila mmoja akimstahi mwenzake, wanaweza kufanya jambo ambalo mtu mwovu peke yake hangethubutu.

Walikuwa na desturi yao. Hoja kubwa husomwa vikao vitatu. Kikao cha tatu Mwenyekiti husimama na mkongojo, ule wa kwanza kabisa Chama kupewa, akauliza mara tatu, "Kuna mwenye neno?" Akikuta kimya, hugonga sakafu, na jambo limepita. Tangu Chama kianze hajatokea aliyekuwa na neno. Kuwa na neno pale ilikuwa sawa na kumvua nguo Mwenyekiti mbele za watu. Wenyewe waliita heshima. Penye wazee haliharibiki neno, walijisemea, wakasahau kwamba lisilosemwa halipati hata nafasi ya kuharibika.

Katika kikao chake cha kwanza Msusi alimsikia Mwenyekiti akisoma, sauti tulivu: ukumbi wa mazoezi ugeuzwe ofisi ya Chama, yenye hadhi, yenye meza na makabati, vifaa viondolewe, ngazi ivunjwe, wagonjwa waelekezwe hospitali kuu. Hospitali kuu iko ng'ambo ya mji, mabasi mawili na foleni ya kuanzia alfajiri. Mwenye miguu miwili mizima hufika kule amechoka.

Msusi aliinua uso. Akawaangalia wenzake. Nesi alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama aliyekubali. Seremala alitazama kucha zake. Katibu aliandika. Msusi alifungua mdomo, kiapo kikamjia, akaufunga. Si kiapo tu. Yeye ni mgeni, hawa wamekijenga Chama kwa mikono yao, lazima wanayo sababu. Na akisema, watasema nini? Mwamba ngoma huvutia kwake. Mumewe yumo mle ndani, ana haki gani ya kusema? Alijiuma ulimi, na kikao cha pili kilipokuja akajiuma tena. Siku hiyo hata kibao kilikuwa kimeshaletwa, kimeegemezwa ukutani: ubao mnene, herufi nyekundu, OFISI.

Sasa mtu aliyezoea kusema akinyamaza, kile asichokisema hakikauki, kinaumuka. Saluni ilipooza. Wateja walikaa chini ya mikono yake wakisikia kitana tu.

"Mama, kwani umefiwa?" aliuliza mmoja.

"Bado," alijibu Msusi.

Wiki ya kikao cha tatu alimpeleka mumewe mazoezini, akamkuta Seremala amepiga magoti kando ya ngazi na futi ya mkononi, anapima. Mpima alikuwa kwenye mabomba, Nesi amemsimamia. Msusi akasogea.

"Habari za kazi, fundi?"

"Salama, shemeji." Seremala hakuinua uso. "Nachukua vipimo kidogo. Kamati ikishaamua, mbao zisiharibike."

"Ndiyo. Kamati ikishaamua."

"Ni mbao nzuri hizi. Nikikutengenezea rafu za saluni, zitakaa."

"Ahsante, shemeji. Usijisumbue."

"Si usumbufu. Wewe mwenyewe umeona ni vizuri, basi."

"Na nyie mlioanza mkiona ni vizuri, mimi nani?"

Wakatabasamu, kila mmoja kwa adabu, na kila mmoja akiwa na hamu ya kumzaba mwenzake kofi. Msusi aliondoka akisema moyoni, mtu huyu hana hata chembe ya huruma, anaipima ngazi yake mwenyewe kama anayepima jeneza. Seremala naye alibaki pale akisugua kipandio cha kwanza kwa kidole gumba, pale palipolika katikati.

Mpima aliona. Mtu aliyekula chumvi yake yote kwenye vipimo haoni futi ikikunjuliwa akanyamaza. Walipofika saluni na pazia kufungwa aliuliza, "Anapima... nini?"

"Mbao tu."

"Kitu kizima... hakipimwi," alisema Mpima, "ila kinahamishwa... au kinavunjwa."

Maji yakazidi unga. Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja akamwaga yote: hoja, ofisi, hospitali kuu, kibao, vikao viwili alivyokaa kama gogo. Alitegemea mume wake ahuzunike. Mpima alimtazama muda mrefu, mdomo wake uliopinda ukaanza kutetemeka, na Msusi akaruka kwenda kumshika, akidhani kiharusi kimerudi. Kumbe kicheko.

"Vikao... viwili?" alisema Mpima, machozi yakimtoka. "Wewe?"

"Si uliniambia nisikutaje!"

"Nilisema... usinitaje. Sikusema... uwe bubu." Akapumua. Uso wake ukatulia, akamshika kiganja kama siku ile. "Mdomo huo... nimeuposa mwenyewe. Macho... wazi."

Msusi alilia kidogo, akajipangusa kwa taulo la mteja, akasema kwa sauti ambayo mtaa ulikuwa umeikosa, "Basi subiri Jumamosi."

Jumamosi alasiri jua lilikuwa limeingia ukumbini kupitia dirisha kubwa na kulala juu ya meza. Walikaa watano. Mwenyekiti alisoma hoja kwa mara ya tatu, akakunja miwani, akasimama na mkongojo. Kule ukutani ngazi ilikuwa imesimama na vipandio vyake vilivyolika.

"Kuna mwenye neno?"

Kimya. Katibu alishusha kalamu.

"Kuna mwenye neno?"

Nesi alikohoa, akatazama dirishani.

"Kuna mwenye neno?" Mkongojo ukapanda.

"Lipo," alisema Msusi.

Mkongojo ulibaki hewani. Mwenyekiti aliutazama kana kwamba ndio uliosema. Katibu aliomba radhi, haikujulikana kwa kosa gani.

"Umesema...?"

"Nimesema lipo, Mheshimiwa. Na kwanza niweke mezani la kwangu lisije likasemwa nyuma yangu. Katika wanaofanya mazoezi humu yumo ninayemlalia godoro kando. Kwa hiyo mimi kura sina, na msinihesabu. Sitetei mtu. Nina swali tu, na ni lile ninaloulizaga kila siku kazini."

Mwenyekiti alishusha mkongojo polepole bila kugonga. "Uliza."

Msusi alimgeukia Seremala. "Fundi, wewe mwenyewe unataka ngazi ivunjwe?"

"Kamati imeona..."

"Kamati sijaiuliza. Ikija na kichwa chake nitaisuka. Nakuuliza wewe."

Seremala alifungua mikono yake mikubwa, akaifunga. "Sitaki," alisema, na baada ya kulitoa la kwanza mengine yakafuata yenyewe. "Sitaki hata kidogo! Ngazi ile nilimjengea mama yangu. Alipanda humu mpaka akaweza kwenda mwenyewe chumbani kwake, na alifia kitandani kwake, si kwenye mkeka wa sebuleni. Toka nianze kuipima sili nikashiba. Lakini nilimwona Nesi anatikisa kichwa, na yeye ndiye mwenye wagonjwa. Nikasema, mimi nani?"

"Mimi?" Nesi aliruka kitini. "Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, mwanangu! Hospitali kuu? Naijua hospitali kuu, nimeifanyia kazi mpaka nikaota mvi. Wakifika kule wiki ya kwanza, ya pili hawarudi. Nilinyamaza kwa sababu Mwenyekiti ndiye anayeitaka ofisi, na Mwenyekiti ametubeba tangu mwanzo. Sikutaka kumkatalia jambo moja aliloomba."

Vichwa vyote viligeuka. Mwenyekiti alikuwa amekaa bila kujua kwamba amekaa.

"Nani kaitaka ofisi?" aliuliza, na sauti ya hakimu ilikuwa imemtoka, imebaki ya mzee tu. "Mimi ofisi ya nini? Nimekaa ofisini maisha yangu yote, ninazichukia! Nilidhani nyinyi mmechoka. Mnajitolea, hamlipwi, mnakaa kwenye viti hivi vya plastiki. Katibu aliposema ofisi ingependeza hapa, na hakuna aliyepinga, nikasema basi, wameona haya kuomba, acha niwaombee mimi."

Sasa zamu ilimfikia Katibu. Alikuwa amejikunja mpaka kidevu kinagusa kalamu.

"Samahanini sana," alisema. "Samahanini. Mimi sikupendekeza. Ile siku jua liliingia kama hivi, nikasema tu chumba hiki kina mwanga mzuri, hata ofisi ingekaa vizuri. Nilikuwa nasifu dirisha."

Wote wakageuka kulitazama dirisha.

"Dirisha," alirudia Mwenyekiti.

"Kisha nikaona limekuwa hoja. Nikasema wakubwa wamelipenda, nitawaaibishaje? Nikaliandika. Nilitaka kusema, Mwenyekiti, kila kikao nilitaka, lakini..."

"Lakini funika kombe mwanaharamu apite," alisema Msusi.

Aliyeanza kucheka ni Nesi, kicheko cha chini kwa chini, mabega yanaruka. Akafuata Seremala, akipiga meza kwa kiganja. Mwenyekiti alijikaza kadiri ya cheo chake, akashindwa, akavua miwani na kufuta macho. Kamati nzima ilikuwa karibu ivunje kile ilichokipenda kuliko vyote, kwa kuheshimiana. Hakuna adui aliyekuwamo. Walikuwemo wao tu, na adabu zao.

"Miaka yote kortini," alisema Mwenyekiti alipopata pumzi, "sikumhukumu hata mwizi wa kuku kabla sijamuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Nikaja huku kuhukumu wagonjwa kwa kusikiliza kimya!" Akasimama, akajinyoosha kwa urefu wake wote, na uhakimu ukamrudia. "Nauliza upya, na safari hii najibiwa na kila mdomo. Mjumbe mwenye mume ametutangazia, hatumhesabu. Fundi?"

"Sitaki ofisi!"

"Nesi?"

"Sitaki, na usiniulize tena."

"Katibu?"

Katibu alinyoosha mgongo. Pengine ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema jambo bila kuomba radhi kwanza. "Sitaki," alisema, na sauti ikampasuka. "Naipenda ngazi ile."

"Wala mimi. Hoja imekufa, na izikwe mbali." Mwenyekiti akagonga sakafu kwa mkongojo, akagonga tena kwa raha yake, na vibanio vya nguo vikaruka ndani ya bakuli. Desturi mpya ilizaliwa pale pale: kuanzia siku hiyo kimya hakikuhesabiwa kuwa jibu, na kila mjumbe huulizwa kwa zamu, wewe mwenyewe unataka? Mpaka leo wanaliita swali la saluni.

Msusi alitoka mle anatembea kama aliyeshinda uchaguzi. Njiani aliwasalimu watu asiowajua. Alipofika alikuta wateja wamejaa, akawaeleza yote kuanzia mwanzo, kwa sauti zote tano, na Mpima nyuma ya pazia alicheka pale pale panapochekesha. Mume hakutajwa jina hata mara moja, kiapo ni kiapo.

Lililobaki lilikuwa kibao. Seremala alikaa nacho siku chache, akakizungusha, akakigonga, akaona ni ubao mgumu usiooza. Kisha akaja saluni na futi yake, safari hii akiimba, akapima ngazi za jengo lile, kipandio kwa kipandio, na Mpima amekaa kwenye kiti akimsahihisha. Ikaonekana ngazi za jengo zina vipandio virefu kuliko vya Chama. Seremala akaiinua ngazi yake na kuiongezea kipandio cha juu kabisa, kirefu kama vile vya nyumbani. Akatumia kile kibao. Mpaka leo aliyefika kileleni pale ukumbini anasimama juu ya herufi nyekundu, na wagonjwa huulizana, "Wewe umeshafika ofisini?"

Mpima alifika ofisini mvua za mwanzo zilipoanza. Akafika tena, na tena, mpaka herufi ya kwanza ikafifia chini ya mguu wake wa kulia. Asubuhi moja ya Jumamosi alimwambia mkewe, "Nenda... niletee viatu."

Msusi alikimbia juu, akashuka na vile viatu vya mlimani, vumbi lake bado. Alipiga magoti kumfunga kamba, na mikono iliyosuka mtaa mzima ikashindwa kufunga fundo moja. Wanakamati walikuwa wamekuja. Nani aliwaambia hatusemi, ila mdomo tunaujua. Walisimama chini ya ngazi, Mwenyekiti na mkongojo wake, Nesi akijizuia asitoe maagizo, Katibu amefumba macho.

"Asinishike... mtu," alisema Mpima.

Akaanza. Mkono wa kushoto ukutani, mguu mzima mbele, ule mzito ukifuata. Msusi alikuwa nyuma yake, mikono imefunguliwa bila kugusa. Milango ya majirani ilifunguka, na watu wakatoka na vikombe vyao, na aliyetaka kupiga makofi alifinywa na mwenzake. Kwenye kona ya kwanza Mpima alipumzika, akatazama juu na chini, akasema, "Kazi mbaya... fundi wao. Hazilingani." Chini huko Seremala aliitikia kwa furaha, "Nilikwambia!" Kwenye kona ya mwisho mguu ulikataa. Ulikataa kweli, ukabaki hewani unatetemeka. Msusi alikuwa na maneno elfu kooni. Akauliza lile moja tu.

"Wewe mwenyewe unataka?"

"Nataka," alisema Mpima, wazi, bila kukatika, na mguu ukapanda.

Mlango ulikuwa umeachwa wazi. Alisimama kizingitini akaangalia kwake: viti, meza, picha za watoto, kitanda kinachoonekana kwa mbali. Aliingia mwenyewe, akafika kwenye kiti chake cha dirishani, akakaa, viatu vya mlimani vikiwa bado miguuni. Msusi alisimama katikati ya chumba, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemzuia na hakuna kilichotoka. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nyumba ilikuwa na watu wake.

Kutoka chini ilipanda sauti ya hakimu, ikijaza ngazi zote: "Kuna mwenye neno?"

Mpima aliegemea dirishani. Alikusanya maneno yake taratibu, akayapanga, kisha akayaachia yote yateremke.

"Lipo! Kikao kijacho... ni huku juu. Na kila mjumbe... apande kwa miguu yake!"

Chini, Mwenyekiti alizitazama zile ngazi, akalitazama goti lake, akaushika mkongojo vizuri.

"Hoja imepita," alisema, akaanza kupanda.